Usianze na Linux

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wanaonipigia simu wana ombi moja: "Niwekee Linux," yaani ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Wengi ni wenye saiba ndogo za Kisauni, Majengo na Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Laptopu zao ni nzima, ila Windows 11 inazikataa kwa kuwa prosesa ni ya zamani au hazina TPM 2.0, kifaa cha ndani cha usalama. Nami huwaambia, ngoja kwanza. Badilisha programu unazotumia kila siku, moja moja, ukiwa bado kwenye Windows yako. Mfumo wenyewe uje mwisho, vidole vikishazoea.

LibreOffice, programu ya bure ya kazi za Word na Excel, ndiyo ya kuanzia, na ndipo wengi hukata tamaa mapema. Mteja analeta CV ya ukurasa mmoja, ukiifungua, mistari miwili imetumbukia ukurasa wa pili na jedwali limekwenda upogo. Watu husema programu mbovu. Tazama kwanza kile kisanduku cha jina la fonti juu: herufi za jina zikiwa zimelala, basi fonti hiyo haimo kwenye kompyuta yako. Siku hizi mara nyingi utakuta ni Aptos, ambayo Word mpya zimekuwa zikiitumia tangu 2023. Kama mteja anataka kuchapisha tu, mwambie alete PDF. Kama anataka kusahihisha, chagua maandishi yote, yape fonti uliyo nayo, kisha panga. Na ukija kuhamia Linux, hakikisha fonti ya Carlito imo: upana wa herufi zake ni sawasawa na wa Calibri, fonti ya Word za kabla ya Aptos, kwa hiyo kurasa hazihami.

Faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ni shughuli nyingine. Hizo wekea kompyuta moja yenye Office yake, usipigane nazo.

Mama mmoja mwenye saiba aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, hawa watu wa programu za bure wanakula wapi?" Swali la mfanyabiashara hilo, na kila mtu angefaa kuliuliza. LibreOffice inasimamiwa na The Document Foundation, inayoishi kwa michango, na zipo kampuni zinazouza huduma kwa maofisi makubwa na kuwalipa waandishi wa msimbo. VLC, ile ya kuchezea video, ilianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, na kiongozi wake, Jean-Baptiste Kempf, amesema waziwazi kwamba alikataa mamilioni ya yuro ya waliotaka kuitia matangazo. Kwa hiyo VLC yako ikikutolea matangazo, jua uliipakua mahali pabaya. Matokeo ya kwanza ya utafutaji mara nyingi ni tangazo la mtu. Andika mwenyewe videolan.org au libreoffice.org.

Kilichonifurahisha kuliko vyote karibuni ni LocalSend. Kwenye saiba, mteja hufungua WhatsApp yake kwenye kompyuta ya duka ili atoe nakala ya kitambulisho, akaondoka bila kuifunga, na anayekuja nyuma yake anasoma mambo ya watu. LocalSend hupitisha faili kutoka simu hadi kompyuta moja kwa moja, mradi zote ziko kwenye Wi-Fi moja. Bando limekwisha? Haidhuru, maana faili haitoki dukani. Simu na kompyuta zisipoonana, ruhusu mlango (port) 53317 kwenye ngome (firewall) ya Windows, au angalia kama simu imeunganishwa na Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga makusudi. Kwa mteja wa kila siku inalipa kabisa. Wa kupita njia hatakubali kupakua apu kwa ajili ya karatasi moja, na simlaumu.

Haya, sasa Linux. Chukua Linux Mint ya Xfce, toleo la Linux lililo jepesi, itie kwenye flashi, uiwashe kutoka humo bila kugusa diski. RAM ya GB 4 inatosha. Usipoteze muda kutazama mapambo: chapisha karatasi, piga skani, unganisha Wi-Fi. Printa na skana ndizo mkate wako. Vikikubali vyote, nakili faili zako nje kisha usakinishe. Skana ikigoma, laptopu hiyo ifanye kazi nyingine.

Kwenye simu mna mawili ya kujaribu. Kiwix hukuwekea Wikipedia nzima bila intaneti. Ya Kiingereza yenye picha zote hupita GB 100, lakini ya Kiswahili haitakusumbua. Organic Maps nayo hutumia ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, zilizokwisha pakuliwa, na imenitoa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale mtandao ukiwa haupo. Ukikuta duka lililohama bado liko kwenye ramani, fungua akaunti ya OpenStreetMap ulirekebishe humo humo kwenye apu.