Muulize Mama Cherehani: Shati lisilokunjika linaniwasha

*Shikamoo Mama. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam. Mwaka huu tumepewa mashati mapya meupe. Lebo inasema pamba asilimia 100, halafu chini yake "Non-Iron". Na kweli hayakunjiki: napanda daladala Tabata, nashuka Posta, shati kama limetoka kwenye pasi sasa hivi. Lakini tangu wiki ya pili shingo inaniwasha, na kandokando ya makwapa nimetoka vipele. Sabuni nimebadilisha mara mbili, hakuna nafuu. Wenzangu wanavaa mashati hayo hayo na hawana shida. Je, tatizo ni shati au ni mimi?*
*Msomaji, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kusema vipele viko kandokando ya kwapa. Mafuta ya kuzuia jasho yakikukataa, mara nyingi huanzia katikati ya kwapa, kwa sababu ndipo yanapopakwa. Kitambaa husugua pembeni, kwenye mikunjo ya ngozi, na shingoni panapolala ukosi. Kwa hiyo mimi nalishuku shati kabla ya sabuni.

Pamba ambayo haijatiwa kitu lazima ikunjike. Uzi wake ni minyororo midogo mno ya selulosi, inayoshikana kwa vifungo hafifu. Jasho likiingia vifungo vinaachia na minyororo inateleza, kisha shati likikauka vinajifunga upya pale pale kwenye mkunjo. Ili kuzuia hilo, kiwandani kitambaa kinaloweshwa dawa ya resini inayotengenezwa kwa fomaldehaidi, halafu kinapitishwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi au zaidi. Resini inaishikiza minyororo isiteleze, kama ninavyoshikiza pindo kwa mkono kabla ya kushona, ila ushikizo huu haufumuliwi. Na fomaldehaidi unaijua: ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo ile fomalini ya mochwari.

Mmoja wa waliofanikisha pamba ya namna hii ni mkemia Ruth Benerito, aliyefanya kazi katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko New Orleans. Mamilioni ya wanawake walipumzika pasi kwa sababu ya kazi ile, na mimi naiheshimu. Lakini dawa ina bei yake. Pamba iliyofungwa hivyo hupoteza nguvu, ikachanika mapema kwenye ukosi na viwiko. Tena resini huachia fomaldehaidi kidogo kidogo, hasa panapokutana joto na unyevu. Sasa fikiria mwili wa mtu ndani ya daladala mwezi wa pili.

Kwa watu wengi kiasi hicho ni kidogo, hawahisi kitu, na ndiyo maana wenzako wako salama. Mwenye mzio yuko tofauti: ngozi yake ikishaijua dawa, kidogo tu kinatosha kuiamsha. Kuna nchi zilizoweka mipaka. Japani ilipitisha sheria mwaka 1973: nguo inayogusa ngozi ya mtu mzima isizidi sehemu 75 za fomaldehaidi kwa milioni, na ya mtoto chini ya miezi 24 iwe chini kabisa, kwenye 16. Marekani, wakaguzi wa serikali walitoa ripoti mwaka 2010 baada ya kupima nguo na vitambaa 180, na 10 vilipita hiyo 75. Ukisikia pia kwamba fomaldehaidi inasababisha saratani, ni kweli, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kundi la kwanza mwaka 2004, lakini hapo linazungumziwa hasa suala la kuivuta puani, kama wafanyakazi wa viwandani. Usilale macho kwa ajili ya shati. Shughulikia ngozi.

Nina miaka 31 kwenye cherehani hapa Tanga. Zamani nilikuwa na kijana mwanafunzi wangu, tukipata robota la kitambaa cha suruali cha namna hii, tukikifungua chumbani wakati wa masika macho yalikuwa yanatuchoma. Mikono yake ikapasuka. Nilimwambia ajipake mafuta ya nazi, basi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana dirisha lilikuwepo na sikulifungua.

Fanya hivi. Acha mashati hayo wiki tatu, uone. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwombe kipimo cha mzio cha kubandika mgongoni. Vibandiko hukaa siku mbili, na majibu husomwa tena baada ya hapo. Karatasi ya daktari ndiyo umpelekee meneja, umwombe ruhusa ya kushonesha mashati meupe ya mshono ule ule kwa pamba isiyotiwa dawa.

Dukani, usiamini mdomo wa muuzaji. Finya pembe ya kitambaa kwenye ngumi, hesabu mpaka 30, achia. Kisha chomoa uzi, uuchome. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kijipunje kigumu, kuna poliesta. Kitambaa kinachoungua kama karatasi lakini kikatoka ngumini bila alama, hicho yaelekea kimetiwa dawa.

Chagua pamba nzitonzito yenye mfumo wa mshazari kama wa jinzi, inakunjika kidogo kuliko popilini nyepesi. Kitani kinapitisha hewa kuliko vyote, ila kinakunjamana vibaya na mapokezi hawatakipenda. Fulana ya pamba yenye ukosi haina haja ya dawa, kwa kuwa imefumwa kwa vitanzi. Suruali ya sufu nyepesi ukiitundika usiku, asubuhi mikunjo mingi imeondoka yenyewe. Wanaokuuzia "mwanzi" kama kitu cha asili, waulize umekuwaje uzi: mara nyingi ni viskosi, iliyopikwa kwa kemikali.

Pasi itarudi, sikufichi. Anua shati likiwa na unyevunyevu, livingirishe kwenye kanga nusu saa, unyevu uenee. Anza na ukosi, toka kwenye ncha kuja katikati. Litundike hapo hapo, usilikunje.

*Mama, nimenunua shuka zisizokunjika, zina harufu kali. Niziloweke mara ngapi?*
*Msomaji, Korogwe*

Kufua mara moja au mbili kabla ya kulalia huondoa ile dawa iliyobaki huru, na harufu hupungua sana. Iliyofungamana na uzi haitoki, imetengenezwa ivumilie kufuliwa. Zianike nje kwenye upepo, na kitanda cha mtoto mchanga usizitandike. Mtandikie kanga kuukuu.