Maswali Yenu: Kapsuli tupu zinapasuka, zingine zinanata, tuzitunzeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi huwa najaza mwenyewe unga wa virutubisho kwenye kapsuli tupu za jelatini, saizi 00, na safari hii nilinunua pakiti ya kapsuli elfu moja nijipunguzie usumbufu. Nikazimimina kwenye chupa ya kioo nikatumbukiza na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu kama sita hivi, maana nilisikia adui wa kapsuli ni unyevu. Sasa hivi nikijaribu tu kufunga kifuniko chake inapasuka kama ganda la yai, unga wote unamwagika mezani. Kama mia hivi zimeshaenda. Nimekosea wapi na hizi zilizobaki naziokoaje? (Mama wa wawili)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, hujafanya uzembe wowote, umefanya kile karibu kila mtu anafanya, na ndo maana nataka nilijibu hili taratibu. Kapsuli ya jelatini sio mchele wala sukari kwamba ikikauka zaidi ndo inadumu zaidi. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na lile ganda unaloliona kavu lina maji ndani yake, kwenye kila gramu 100 za kapsuli tupu gramu 13 mpaka 16 ni maji. Hayo maji ndo yanaipa ulaini wa kubonyea bila kuvunjika. Sasa ukizifungia na vipakiti sita vya silika, silika haijui kuchagua, inanyonya unyevu wa kwenye chupa ikimaliza inaanza kuvuta ule wa kwenye ganda lenyewe, maji ya ganda yakishuka mpaka kama asilimia 10 hivi hapo unabaki na kigae. Hivyo vipakiti vinafaa kwenye vitu vingine vingi tu, ila kwa kapsuli tupu za jelatini vitoe, vyote, leo hii.

Za kuokoa zipo. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani kisahani chenye kitambaa safi ulichokilowesha ukakikamua mpaka hakidondoshi hata tone, pembeni weka kapsuli zako umezitandaza kwenye chujio au sahani nyingine, zisigusane kabisa na kitambaa, tena usizirundike. Funga. Baada ya saa moja fungua, chukua moja uibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, ikitoa mlio wa kupasuka rudisha zote ndani, ikibonyea halafu ikarudi kwenye umbo lake basi zimekubali, toa kitambaa. Endelea kuzikagua hivo hivo kila saa, usilale ukaziacha usiku kucha, kwa sababu maji yake yakifika kama asilimia 18 zinalainika na kuanza kunata, na ile iliyokunjamana haitakaa ifunge sawa. Zile zenye ufa tupa tu jamani, hata ufa mdogo kama unywele, unga utavuja.

Ukishaziokoa zirudishe kwenye mfuko wake wa foili kama bado unao, kunja mdomo vizuri uubane, halafu huo mfuko ndo uingie kwenye kopo la kubana. Chupa ya kioo sio mbaya ila iwe kabatini gizani, sio dirishani. Chumba kiwe na joto la nyuzi 15 mpaka 25 za selsiasi, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 65, katikati hapo zinakaa miaka. Na toa za kujaza siku hiyo tu, mia kama ni mia, zingine zibaki zimefungwa, kila ukifungua mfuko wote unazibadilishia hewa zote elfu moja kwa ajili ya kapsuli chache.

Kama utanunua kipima unyevu (na mimi nakushauri ununue, ni kadude kadogo tu) kihakiki kwanza kabla hujakiamini: weka chumvi ya kawaida kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, sio iyeyuke, halafu ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa kwa saa kumi hivi. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70 ujue kinapunguza 5, utakuwa unajumlisha. Ila hii ni ya kukagua kipimo tu, kapsuli usiziingize humo.

Na nikuulize kitu, huo unga wako wenyewe ukoje? Kama ni ule ukiuacha wazi kidogo unashikana mabonge basi na wenyewe unavuta maji kutoka kwenye ganda, utahifadhi vizuri halafu bado zitapasuka zikiwa tayari zimejazwa. Kwa unga wa hivo hamia kapsuli za mimea, zile za haipromelosi, maji yake ni kidogo, asilimia 4 mpaka 6 hivi, na hata zikikauka sana hazivunjiki kirahisi.

SWALI: Mimi za kwangu kinyume chake, niliziweka friji zisiharibike na joto, sasa zimegandana mabonge. (Msomaji wa kila toleo)

JIBU: Friji ndugu yangu ndo imekuponza. Ukitoa kopo la baridi ukalifungua hapo hapo, hewa ya chumba inagusa kapsuli za baridi inageuka matone, kama jasho la chupa ya maji ya baridi, na matone hayo ndo yanazigandisha kapsuli. Zilizogandana usizibandue kwa nguvu, hazifai tena. Kama kuna pakiti nyingine bado iko humo itoe, iache mezani imefungwa nusu siku mpaka ubaridi wote uishe, ndo uifungue. Bafuni na karibu na jiko pia hapana, na usizisahau kwenye gari lililoegeshwa juani.

SWALI: Nina kapsuli za jelatini zimekaa muda mrefu sehemu yenye joto, kwa macho ziko sawa kabisa. Nizitumie? (Mstaafu)

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Macho hayatoshi hapo, maana joto na unyevu wa muda mrefu vinafanya nyuzi za jelatini zishikane zenyewe kwa zenyewe, ganda linabaki zuri ila linakuwa gumu kuyeyuka, mtu anameza na inaweza kutoka ilivyoingia. Chukua tatu, zitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37, yaani uvuguvugu wa mwili, koroga polepole. Nzima inafunguka ndani ya dakika chache. Nusu saa ikipita na bado ngozi yake imekaa kama mpira, usizijaze. Tena yasiwe maji ya baridi, chini ya nyuzi 30 jelatini inavimba tu haiyeyuki hata ikiwa mpya, utatupa kapsuli nzima bure. Na ukiona doa la ukungu hata kwenye moja, pakiti yote itupe bila kujaribu chochote.