Maswali ya Wasomaji: Kanda za Wazee na Sauti Zao

Kanda zina ukungu. Nianzie wapi?

*Nina kanda 14 za kaseti, za dakika 60 kila moja. Marehemu babu alihojiwa humo miaka ya 1980 kuhusu safari za majahazi. Zilikaa ndani ya sanduku la bati, na nyingine zina unga mweupe kwenye utepe. Ile moja niliyoijaribu inasikika kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. – Msomaji, Tanga*

Usicheze nyingine kwanza. Unga huo ni ukungu, na kanda moja ikipita kwenye redio huacha mbegu zake kwenye kichwa (kile kinachosoma utepe) na rola. Kanda safi utakayoweka baadaye inaondoka nazo. Zitenge zenye ukungu ndani ya bahasha za karatasi (nailoni hufungia unyevu), ziwekwe chumba kikavu chenye hewa mpaka unga uwe wa kupukutika. Hapo uufute taratibu kwa kitambaa laini kikavu, ukiwa nje ya nyumba na barakoa usoni.

Kwa zile safi, vunja vijisikio viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Hata ukigusa kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, redio itakataa. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja bila kuicheza. Utepe uliolala miaka 40 hushikana tabaka kwa tabaka, na ukichezwa hivyo hivyo ndipo unapoliwa na redio.

Sasa hilo blanketi. Mara nyingi ni uchafu tu: futa kichwa na kile kipini cha chuma kinachozunguka kwa pamba ya masikio yenye isopropili (pombe ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, na rola ya raba kwa maji kidogo ya sabuni. Bado? Chungulia dirisha la katikati ya kanda. Pawe na kipande kidogo cha sufu kinachousukuma utepe uguse kichwa. Gundi yake hukauka kikadondoka, na sauti hufifia na kuyumba. Dawa ni kuuhamishia utepe kwenye gamba la kanda nyingine, lile linalofungwa kwa skrubu tano na si la kugandishwa.

Kama sufu ipo, basi kichwa cha redio yako hakijakaa pembe ile ile ya redio iliyorekodi. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo. Iwekee alama kwa rangi ya kucha ili ujue ilipokuwa, kisha izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza *s* na *sh*. Neno kama "shehena" litakuambia: likianza kuchoma masikio, simama hapo. Rudia kwa kila kanda, maana huenda zilirekodiwa kwa redio tofauti.

Toa sauti kwa waya hadi kwenye kifaa cha sauti cha USB, si kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, ambalo huichakaza sauti yenye nguvu. Hifadhi kama WAV (faili la sauti isiyobanwa), biti 24. Kwa kilohezi 96 (mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde, kwa maelfu) saa moja ya stereo inakula takriban GB 2. Kwa 48 ni kama GB 1. Nyaraka za taifa na vyuo hupendelea 96, ila kwa sauti ya mtu anayeongea, 48 haitakuaibisha. Kanda zako 14 ni saa 14 za kukaa na kusikiliza. Njia ya mkato hakuna. Ule mvumo wa "shhh" usiusafishe kwenye faili mama, yaani ile ya kwanza isiyoguswa. Safisha nakala, kwa sababu programu za kusafisha hula na herufi pia.

Je, nimsahihishe mzee?

*Nanukuu mahojiano ya mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Anasema "nti", "mato", "kitwa". Mwenzangu ananiambia niandike "nchi", "macho", "kichwa" ili wasomaji waelewe. – Msomaji, Mombasa*

Mwenzako anakuharibia kazi. Hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mzee hakukosea chochote. Andika alivyosema, kisha weka faharasa fupi mwishoni. Ukisanifisha leo, mtu atakayetafuta Kimvita cha mzee huyo miaka 30 ijayo atakuta Kiswahili chako wewe.

Vivyo hivyo kwa wakati. Akisema "saa mbili usiku", usibadili kuwa saa 20:00. Acha, uongeze kwenye mabano ya mraba [saa 20:00]. Akisema "mfunguo tatu", weka [Dhulhija]. Wazee wengi hawataji mwaka, hutaja tukio. Kwa Kenya, mafuriko ya 1961 na Uhuru wa Desemba 1963 ni vigingi vizuri vya kuulizia: "Hayo yalikuwa kabla ya mvua zile au baada yake?"

Tenga saa 4 hadi 8 kwa kila saa ya sauti, na weka alama ya muda kila dakika moja. Usiposikia, andika [haisikiki 00:14:32], usibahatishe. Programu zinazonukuu sauti zenyewe husaidia kwa rasimu, lakini zimezoea Kiswahili sanifu: "nti" itageuzwa "mti", na penye kimya cha muda mrefu programu nyingine hubuni sentensi ambazo hakuna aliyezisema. Soma rasimu sauti ikiwa masikioni, mwanzo hadi mwisho.

Simu yatosha?

*Nataka kumrekodi bibi kwa simu. – Msomaji, Morogoro*

Yatosha, ila usinasie ndani ya WhatsApp, kwa kuwa sauti hubanwa humo. Tumia programu inayotoa WAV na uweke simu hali ya ndege. Iwe shubiri mbili kutoka mdomoni mwa bibi, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Mezani kila kikombe cha chai kitagonga kama nyundo. Mwombe avue bangili. Zima feni. Friji nayo izimwe, na funguo zako uziache ndani yake ili usisahau kuiwasha. Mvua ikianza kugonga mabati, ahirisheni. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina, kisha nyamaza sekunde 30 upate sauti ya chumba chenyewe. Bibi anapoongea, itikia kwa kichwa. "Ehe, ehe" zako ndizo zitakazofunika maneno yake.

Ameomba sehemu fulani isitoke

*Msimulizi ametaja ugomvi wa shamba na sasa anataka ufutwe. – Msomaji, Kilifi*

Usifute, funga. Kata sehemu hiyo kwenye nakala ya umma, katika sauti na katika maandishi pia (hapo ndipo wengi husahau), na faili mama ibaki nzima chini ya masharti aliyoyataja mwenyewe, kwa mfano isifunguliwe akiwa hai. Yaandikwe, atie sahihi, au ayaseme kwa sauti yake kwenye rekodi. Akishikilia kwamba ifutwe kabisa, ni haki yake. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inagusa jambo hili. Kwa Tanzania iko ya 2022.