Kitanda hakikimbii

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye matatu, natoka soko la Wakulima na viazi magotini. Umeniuliza kama ni kweli anayezaa amechuchumaa hupona haraka kuliko anayelala chali, maana wenzako huko Kisumu wamekujaza maneno kila mmoja na lake.

Nianze na kaka yako. Yeye nilimzaa chali, miguu imening'inizwa kwenye vyuma. Nilipofika tu niliambiwa nipande kitandani, nikakaa hapo toka adhuhuri hadi usiku wa manane. Ikafika mahali kichwa kinazunguka, jasho jembamba linanitoka, nikajua nazimia. Sista akanigeuza ubavu wa kushoto na baada ya dakika chache macho yakarudi. Baadaye ndipo nilipoelezwa: mimba ikishakomaa ni mzigo, na ukilala chali mzigo huo unaubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha inashuka, na mtoto naye anapunguziwa damu. Mwishowe waliniongeza njia kwa mkasi, wakanishona. Wiki tatu nilikalia tako moja kama abiria wa nne kwenye bodaboda.

Wewe ulikuja kivingine. Zamu ile kulikuwa na mkunga mmoja mfupi, wa makamo, akanitazama akasema, "Tembea, mama. Kitanda hakikimbii." Nikaizunguka korido na leso yangu kiunoni, uchungu ukija nainamia dirisha, nakata kiuno polepole hadi upite. Wakati wa kusukuma nilipiga magoti juu ya kitanda, nimekumbatia upande wa kichwani ulioinuliwa. Nilichanika kidogo tu. Siku ya tano nilikuwa nafua nepi zako.

Lakini nisikudanganye, uzazi wa pili huwa na haraka zake kwa sababu njia imeshapitwa. Sifa zote siwezi kuyapa magoti.

Ninachoweza kukuhakikishia ni hiki. Kabla ya kusukuma, wanaotembea, kusimama au kukaa hukaa na uchungu kwa muda mfupi kuliko waliolala. Tafiti zilizojumlishwa zilipata tofauti ya zaidi ya saa moja. Wakati wa kusukuma, ukichuchumaa au kupiga magoti nyonga hupanuka na kifupa cha mkia hupata nafasi ya kurudi nyuma. Ukilala chali umekikalia. Wanaozaa wamechuchumaa au wamepiga magoti huongezwa njia mara chache, na kidonda kikiwa kidogo kukaa na kunyonyesha hakukutesi. Ila wenzako hawajakuambia upande wa pili: kwa waliozaa wima, waliopoteza damu zaidi ya nusu lita walionekana kuwa wengi kidogo. Kwa hiyo aliye karibu nawe awe macho na damu, na hata ukishafika nyumbani, pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, usingoje asubuhi. Panda gari urudi hospitali.

Na kuchuchumaa kwenyewe si mchezo. Nyanya yako kule Butere aliweza, kwa sababu maisha yake yote aliinama shambani. Wewe wa kukaa ofisini, dakika tano tu magoti yatatetemeka. Kuna kulala ubavu na kuna kupiga magoti. Ukichoka na huu, hamia ule. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka wa 2018 kwamba mama achague mkao wake, kwa hiyo usione haya kuomba. Ila mapigo ya mtoto yakibadilika na mkunga akakwambia geuka, geuka kwanza, maswali baadaye.

Kliniki ya Alhamisi muulize sista mambo mawili: kama kwao mama huruhusiwa kutembea, na kama kitanda chao huinuka upande wa kichwani. Ukipata jibu nipigie. Jumapili nakuja na leso mbili kuukuu. Mpya hazinyonyi jasho.

Mama yako