Maswali yenu: gari la rimoti linalopanda mawe

Toleo lililopita tuliongelea krola, yale magari ya rimoti ambayo hayashindani kukimbia, yanapanda mawe polepole na anayeshinda ni yule aliyepita njia ngumu bila kugusa vijiti vya geti, bila kupinduka na bila kupiga rivasi ovyo. Maswali yamemiminika. Wengi mnaulizia pesa na mota, na mimi nikisoma naona shida nyingi ziko kwenye tairi na uzito, kwa hiyo msishangae nikirudi hapo mara kwa mara.

Niaje fundi. Niko Nairobi, nilinunua krola ya 1/10 (saizi ya moja ya kumi ya gari la kweli) second hand, mota yake ilikuwa inaenda pole sana nikaitoa nikaweka brashilesi (mota isiyo na brashi) ya kuresi na betri ya 3S, yaani ya seli tatu. Saa hii inapinduka nyuma kwa kila jiwe na mota inashika moto mpaka huwezi gusa. Ninunue gari ingine ama?

Usinunue gari ingine bro, hiyo ulonayo ni nzuri, irudishie mota yake kama bado unayo. Mota za krola za brashi utaona zimeandikwa 35T, 45T, 55T, hiyo T ni mizunguko ya waya ndani ya mota, ikiwa mingi mota inazunguka taratibu ila inavuta vizuri na inakutii ukigusa trigga kidogo tu. Ya kuresi inataka kuzunguka kasi ndo ipoe, ukiilazimisha itambae kwenye jiwe inakula umeme mwingi, inakuwa ya moto, na isipokuwa na sensa inashtuka shtuka pale unapoanza kuondoka, na huko kushtuka ndiko kunakokupindua. 3S haina neno ukiwa na 45T au 55T, mradi spidi kontrola yako, kile kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, inaikubali.

Alafu pima uzito. Chukua mizani ya jikoni, weka tairi za mbele juu yake, za nyuma ziinue kwa kitabu chenye kimo sawa na mizani ili gari likae levo, soma namba, kisha geuza upime nyuma. Lenga mbele kubebe kama asilimia 60. Yaani gari la kilo 2.5 mbele iwe kilo moja na nusu, nyuma kilo moja. Kama betri yako imekaa juu, nyuma ya kabini, ishushe na uisogeze mbele ikiwezekana, hiyo peke yake inabadilisha gari. Ukitaka uzito wa bei ya chini nenda kwa fundi wa tairi muombe vile vipande vya kubandika vya kubalansi rimu, bandika kwa ndani kwenye rimu za mbele pande zote sawa. Uzito unaokaa kwenye rimu uko chini, usawa wa ekseli, na hausumbui springi, ndo mahali pazuri kuliko pote. Vikiwa vya madini ya risasi nawa mikono ukimaliza na mtoto asichezee.

Pesa itakayobaki weka kwenye tairi za mpira laini. Tairi hizi ndani hazina upepo, kuna sponji, na rimu ina vitundu vya kutoa hewa ili tairi ibonyee ikumbatie jiwe. Tairi ngumu ya plastiki hata uiwekee mota gani itazunguka tu papo hapo.

Habari za kazi. Sisi ni vijana wanne wa Mwanza, wawili tuna krola za 1/10, mmoja ana ya 1/24 na mwingine anasubiria mzigo. Mawe tunayo ya kumwaga ila hatujui tunaanzaje klabu wala mashindano yanapangwaje. Tuelekeze.

Nyie mmezaliwa juu ya uwanja wenyewe! Huko Marekani watu wanasafiri mpaka Moab, Utah, kwenda kupanda mawe na Jeep za kweli, na hawa wa rimoti wanaiga mulemule. Mwanza mnatoka tu mlangoni, graniti hiyo hapo, na graniti kavu inashika tairi vizuri sana. Ikilowa au ikiwa na ule ukungu wa kijani inateleza vibaya kwa hiyo baada ya mvua subirini jua lifanye kazi yake.

Anzeni na ruhusa. Milima kama ile ya Igogo watu wamejenga katikati ya mawe, jiwe unaloona ni uwanja ni ukuta wa jikoni wa mtu. Pita piga hodi, waeleze, onyesha na gari lenyewe, mara nyingi watoto wa pale ndo watakuwa mashabiki wenu wa kwanza. Na mkono usiingize kwenye mpasuko wa jiwe kuokota gari lililodondoka, tumia fimbo yenye ndoano, nyoka nao wanapenda humo.

Njia ya mashindano ni geti kumi hivi. Geti moja ni vijiti viwili vyenye kitambaa, upana mkubwa kuliko gari kidogo tu, na gari lipite katikati. Namba zipangeni, chora mshale wapi pa kuingilia. Pointi ni adhabu, mwenye chache ndo mshindi. Mimi ningewashauri mwanzo muwe na hizi: rivasi pointi 1, kugusa kijiti 10, kupinduka ukajiinua mwenyewe 5, kupinduka mpaka mkono ukaingia 10, na muda dakika 8, geti ambazo hujafika muda ukiisha kila moja 20. Mkiona namba fulani inaharibu mchezo badilisheni wenyewe, cha msingi ziandikwe kabla ya gari la kwanza kuondoka ili ugomvi usiwepo.

Huyo wa 1/24 msimshindanishe na wa 1/10, jiwe ambalo kwako ni ngazi kwake ni ghorofa. Mtengenezeeni njia yake kwenye mawe madogo, hata bustani inatosha, na mpeane zamu maana ukishaendesha dogo jicho lako la kuchagua njia linakuwa kali zaidi.

Kitu kimoja ambacho nakithamini sana kwenye klabu, na ningependa mkianze siku ya kwanza, ni kwamba dereva anatembea na gari lake na mwenzake anasimama upande wa pili anamuelekeza. Wewe uko nyuma huoni tairi ya mbele kulia imekanyaga wapi, mwenzio anaona, anakwambia kushoto kidogo, simama, sasa peleka. Gari likifika juu wote wawili mmelipandisha. Kwa watu wanne mnaobadilishana hivyo mtajifunza haraka kuliko mtu anayecheza peke yake na gari la milioni.

Samahani fundi, mimi ni mama wa watoto watatu, Dodoma. Mwanangu wa miaka tisa kaona mtandaoni gari la rimoti linalofanana na Kirikuu (ile Suzuki Carry) kabisa, kalililia wiki nzima, anasema anataka lipande mawe. Linapanda kweli? Sina hela ya kupoteza.

Dada yangu asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Hilo bila shaka ni WPL D12, ni 1/10 na ni zuri mno kwa macho, ila linasukumwa na tairi za nyuma tu. Barabarani atalifurahia, linateleza kwa madaha kwenye sakafu, lakini kwenye mawe litamvunja moyo siku hiyohiyo. Kampuni hiyohiyo ina C24, pikapu ya 1/16, hii inavuta tairi zote nne na springi zake ni za bapa kama za Hilux yenyewe. Ni ya bei ya chini, gia na ekseli ni plastiki kwa hiyo mfundishe asikandamize trigga wakati tairi imekwama kwenye mpasuko, hapo ndo meno ya gia yanakatika. Ila vipuri vya chuma vipo na kuvibadilisha ni kazi ya bisibisi ndogo tu, mtoto wa miaka tisa akisaidiwa anaweza, tena hiyo siku ya kulifungua itamfundisha difu ni nini kuliko mtu akimuelezea. Mtengenezee mlima wa mawe matatu manne uani, achague mwenyewe njia.

Hujambo ndugu. Niko Tanga, kwetu mawe ni ya matumbawe pale pwani. Gari limeandikwa halipitishi maji, naweza kulipitisha baharini?

Sijambo. Kwenye yale mawe ya zamani yaliyokauka juu ya ufukwe endesha, yanashika sana ila yana makali, tairi zitachakaa mapema. Kwenye mwamba ulio hai chini ya maji usiguse kabisa, kile ni kiumbe na ni nyumba ya samaki mnaokula.

Kuhusu maji, yale maandishi yanahusu umeme, spidi kontrola na risiva inayopokea mawimbi ya rimoti, haimaanishi chumvi haifanyi kitu. Bearingi, skrubu na mota vyote vinaliwa, unaliweka gari leo linatembea, wiki ijayo tairi haizunguki. Basi likimwagikiwa na maji ya bahari siku hiyohiyo limwagie maji baridi ya bomba, toa betri kwanza, lizungushe litoe maji, kamua sponji za tairi maana zinanyonya kupitia vile vitundu, lipulize likauke kivulini kisha tone la oili kwenye kila bearingi na mwisho wa shafti ya mota. Mito ya maji baridi ni salama zaidi lakini kukausha ni kulekule.

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, likizo naenda Zanzibar, nataka kumpelekea mdogo wangu krola na betri mbili za lipo (lithiamu polima). Uwanja wa ndege watanikubalia?

Waalaykum salaam. Gari weka kwenye begi kubwa, betri za akiba hapana, hizo unapanda nazo mwenyewe kwenye begi la mkononi. Kipimo wanachoangalia ni wati-saa, na mpaka 100 kwa betri moja kwa kawaida huhitaji kibali. Hesabu yake zidisha volti kwa ampea-saa: 2S ya 7.4V yenye 5000mAh ni 37, 3S ya 11.1V yenye 5000mAh ni 55.5, kwa hiyo uko chini. Funga kila kichwa cha waya kwa tepu, kila betri mfuko wake, na zisiwe zimejaa, seli moja iwe karibu na 3.8V. Soma pia masharti ya shirika lako la ndege kabla ya safari maana wengine wanabana zaidi. Na mdogo wako mwambie asichaji usiku akiwa amelala, na iliyovimba asiichaji tena kabisa.

Ukipata siku moja kabla hujaondoka pitia mawadi ya huko Maskati, yale mabonde ya mito iliyokauka, na krola, mawe yaliyolala kwenye zile wadi kavu ni uwanja wa maana.

Fundi gari langu nikiachia trigga kwenye mteremko linarudi nyuma lenyewe. Nimeshabadili mota. Arusha.

Sio mota. Ni spidi kontrola haijawekwa breki ya kushikilia. Nyingi za bei nafuu zina vijampa viwili vidogo pembeni, vile viplagi vya kuchomoa na kuhamisha, kimoja ni cha kuchagua mbele-breki-rivasi au mbele-rivasi tu. Krola inataka hiyo ya pili, ukiachia trigga inashika palepale. Cha pili ni aina ya betri, hakikisha kiko lipo ili umeme ukatwe kabla seli haijashuka sana, ikishuka chini ya volti 3 unaiua.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, niko Moshi, miaka 67. Mjukuu wangu ana gari hili na Jumapili tunakwenda naye kwenye mawe ya mtoni. Mkono wangu unatetemeka kidogo, gari linaruka ruka nikishika mimi. Nimuachie tu mtoto?

Shikamoo mzee wangu. Usimuachie. Kwenye rimoti nyingi za 1/10 kuna kitufe au kigurudumu cha kupunguza nguvu ya trigga, mwambie mjukuu akuwekee asilimia 50, yaani hata ukibonyeza mpaka mwisho gari linaenda nusu. Mtetemo mdogo wa kidole hapo unafika kwenye tairi nusu tu. Kiwiko kibane ubavuni, rimoti iegemee tumboni, na kidole kisitoke kwenye trigga, kibaki kimegusa muda wote.

Ukifika kwenye jiwe usilivamie uso kwa uso tairi zote mbili kwa pamoja. Likaribie kwa pembe, tairi moja ipande kwanza, ikishashika ndo ya pili ifuate. Likikwama usiongeze moto, zungusha usukani kushoto kulia taratibu huku umeshikilia trigga kidogo, pembe za tairi zitatafuta zenyewe pa kung'ata. Wenye haraka huwa hawana subira ya kufanya hivyo, wewe unayo. Na siku mkiwa na watu wengine pale mtoni omba uwe mwamuzi wa geti, inahitaji mtu ambaye akisema kijiti kimeguswa hakuna anayebisha.

Maswali ya kuchaji lipo ni mengi sana, yote nayabeba toleo lijalo. Mkiandika tajeni saizi ya gari, aina ya betri na mota ni T ngapi, bila hivyo nabaki kukisia.