Injini ikizima futi 300, usigeuke kurudi ranwei

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina PPL (leseni ya rubani binafsi), saa kama 80 hivi za kuruka, nilijifunzia Dar kwenye ndege ndogo ya Cessna 172 na sasa nimehamia Arusha. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna rubani mzoefu anasema injini ikizima baada ya kupaa, ukishafika futi 300 unalaza bawa haraka unarudi ranwei, katuma na video ya jamaa aliyefanikiwa. Mimi niliambiwa futi 500. Ipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Hakuna iliyo sahihi kwako hapo, na hiyo ya 300 itakuua. Naulizwa hili swali karibu kila wiki, siku hizi linakuja na video, na inaniuma kwa sababu video ni za waliofika tu, walioshindwa hawapo wa kutuma za kwao.

Watu wanadhani kurudi ni kugeuka digrii 180 basi. Siyo. Ukigeuka 180 ranwei iko pembeni yako, hujaikalia, inabidi uendelee kuzunguka uifuate halafu ukate upande wa pili unyooke nayo, ukijumlisha unakuta digrii 250 na kitu. Ukilaza bawa digrii 30 kwa spidi ya noti 65 hizo kona zinakula nusu dakika, na 172 isiyo na injini ikiwa kwenye kona inashuka kama futi 800 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe, futi 400 zimeenda kwenye kona tu, sijaweka zile sekunde tatu nne za kuduwaa. Wewe ulikuwa na 300.

Hapo ndo mtu anaona bora alaze zaidi. Bawa linaloacha kubeba ndege kwenye noti 50 ukiwa umenyooka, ukitunza kimo huku umelaza digrii 45 linaacha kwenye 60, ukilaza 60 linaacha kwenye 70, na wewe unateleza kwa 65. Chini unaona mahindi yanakuja kasi, unavuta usukani, unakanyaga pedali pua izunguke, bawa la ndani linakata kwanza, ndege inapinduka. Kwenye futi 200 hakuna rubani wa kuitoa hapo, hata awe na saa 10,000.

Halafu uko Arusha, si Dar. Uwanja uko futi kama 4,550, siku ya joto la 28 hewa ni nyepesi, ndege inajiona iko futi 7,000. Noti 65 kwenye geji ya spidi ni karibu 73 hewani, kona inakuwa pana kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na unapanda taratibu kwa hiyo ukifika hizo futi 300 ranwei umeshaiacha mbali. Ndo maana namba ya mtu mwingine haikusaidii.

Huwa nawapeleka wanafunzi juu sana, futi 4,000 kutoka ardhini, tunajifanya hapo ndo ranwei, tunapanda, nakata throto (nguvu ya injini). Akijua nakata anafanya vizuri. Siku nyingine nakata bila kusema huku tunaongea mambo mengine. Mmoja mwaka huu, kijana mzuri tu, alibaki kashika pua juu vilevile, mkono wa kulia unasukuma throto ambayo nilikuwa nimeishikilia nyuma, noti 72, 66, 58, king'ora cha stoli, cha kuonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba, kinalia na yeye bado anatazama geji ya mafuta. Ndivyo binadamu alivyo, na wewe hutakuwa tofauti.

Kwa hiyo kitu cha kwanza sukuma pua chini, chini kuliko unavyopenda, upate 65 flapi (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa juu au 60 zikiwa chini (hizo ni za 172N, toleo moja la 172, yako soma kitabu chake). Mbele yako, digrii 30 kushoto au kulia, chagua shamba. Mahindi, kahawa, chochote, ilimradi ufike mabawa yamenyooka na ndege bado unaiendesha. Muda ukiwepo funga mafuta, zima magineto (zinazotoa cheche za injini), shusha flapi zote, zima masta (swichi kuu ya umeme), fungua mlango kidogo. Ndege ni ya bima, iache ivunjike.

Ila kinachonitisha zaidi ni injini isiyozima, inayopungua tu nguvu. Wachunguzi wa ajali wa Australia, ATSB, waliliangalia hili wakakuta kupungua nguvu baada ya kupaa kunatokea karibu mara tatu ya kuzima kabisa, na ndo inayodanganya, kwa sababu inakupa tamaa kwamba itakufikisha, unaanza kugeuka, katikati ya kona inakata.

Na injini nyingi za hivyo zilishatoa dalili tangu chini! Hapa ndo nagombana na watu. Ukijaribu magineto moja RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inadrop kupita kiasi, fundi anakwambia rusha tu, itajisafisha huko juu. Maji kwenye mafuta hukuyatoa kwa sababu abiria wamechelewa. Miksicha (mchanganyiko wa mafuta na hewa) umeiacha imejaa mafuta kwa mazoea ya Dar, wakati kitabu cha 172N kinasema uwanja ukizidi futi 3,000 uipunguze mpaka RPM ifike juu kabisa throto ikiwa imejaa. Anayekwambia hayo ni mambo ya shule tu, hata awe kapteni mwenye mistari minne begani, usimsikilize.

Tafuta mwalimu hapo Arusha, pandeni, akukatie bila kukuambia, mpime mkigeuka kurudi mnapoteza futi ngapi, ongeza nusu yake, hiyo ndo namba yako kwa ndege hiyo na joto la siku hiyo. Chini ya hapo ni mbele tu. Na kila siku kabla hujaachia breki itamke hiyo namba kwa sauti, hata ukiwa peke yako, halafu throto ikijaa angalia RPM, isipofika ile ya kwenye kitabu vuta throto nyuma, simama, rudi paking.