Barua kwa mwanangu: vidonge vya homoni kabla ya upasuaji

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema daktari wa upasuaji amekuagiza uache vidonge vya homoni wiki 4 kabla ya kubadilishiwa nyonga, ilhali daktari aliyekuandikia vidonge hivyo tangu hedhi yako ilipokoma mapema haoni sababu ya kuviacha, nawe waniuliza umsikilize nani. Nakujibu kama mama, na pia kama mtu aliyewahi kulala juu ya meza hiyo akiwa na dawa zizo hizo mwilini.

Kinachoogopwa hapa ni damu kuganda ndani ya vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kisha bonge hilo kung'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu. Madaktari hutaja mambo matatu yanayoleta hali hiyo, na huyaita kwa jina la Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani wa karne ya 19: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuganda kwa urahisi. Upasuaji wa nyonga unaleta mawili ya kwanza peke yake, kwa kuwa mguu hupindwa na kuvutwa mezani, kisha mgonjwa hukaa siku kadhaa bila kutembea vizuri. Vidonge vyako ndivyo vinavyoweza kuongeza la tatu.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba njia ambayo homoni inaingilia mwilini ina uzito wake. Kidonge kikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya protini za kugandisha damu pamoja na zile za kuizuia isigande ovyo. Estrojeni, ile homoni ya kike iliyomo kwenye vidonge vyako, inapolifikia kwa wingi namna hiyo, ini huongeza za kugandisha na kupunguza baadhi ya zile za kuzuia. Ndiyo maana unaambiwa wiki, si siku: estrojeni yenyewe huondoka mwilini upesi, lakini protini hizo huchukua wiki kadhaa kurudi kwenye mizani yake. Kiraka kinachobandikwa kwenye ngozi, au jeli ya kupaka, hupeleka estrojeni moja kwa moja kwenye damu bila kuanzia kwenye ini, na tafiti zilizowalinganisha watumiaji hazijaona ongezeko hilo la kuganda kwa dozi za kawaida.

Usitishike kupita kiasi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 16,000 wa miaka 50 hadi 79, waliomeza estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike) walipata mabonge ya damu kwenye vena kiasi cha 34 katika kila 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 16 kwa wasiomeza. Ni maradufu ya idadi ndogo, na wengi wao walikuwa wakubwa kuliko wewe. Ila hatari ya msingi ikipandishwa na upasuaji, maradufu hayo si ya kupuuzwa.

Yangu huyajui yote. Nilipotolewa mfuko wa nyongo, fomu iliuliza ninatumia dawa gani, nami nikaandika «hakuna», kwa sababu vidonge vile nilikwisha kuvizoea kama chai ya asubuhi. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Siku ya tisa, nikivua soksi, niliona alama ya mpira imezama kwenye mguu wa kushoto tu. Nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima mashavu yote mawili ya miguu: la kushoto lilizidi kwa sentimita 3. Nilitumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge pekee vilivyonifanyia hivyo, kwani nililala kitandani mno kuliko nilivyoagizwa, lakini lile neno «hakuna» linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nadhani madaktari wako hawapingani kama unavyodhani. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wenyewe unasema mgonjwa ashauriwe *kufikiria* kuacha estrojeni ya kumeza wiki 4 kabla ya upasuaji wa kupangwa; haukuamuru. Mmoja anatazama nyonga, mwingine anatazama usingizi wako, joto la ghafla la usiku na mifupa yako. Hesabu pia kwamba si wiki 4 tu, kwa sababu kwa kawaida vidonge havirudishwi mpaka uwe unatembea vizuri, na hapo muda wote unaweza kufika miezi miwili au zaidi. Ndiyo sababu ningekuwa wewe ningewauliza wote wawili swali moja: je, naweza kuhamia kiraka badala ya kuacha kabisa? Mifupa haitaharibika kwa wiki chache, ila kukosa usingizi kutakuchosha kabla hata hujafika mezani. Wakikubaliana kwamba uache, acha kwa tarehe waliyokupa, na ukitokwa na damu kidogo siku zinazofuata usishtuke, lakini waarifu.

Jambo moja usilipeleke kwa shangazi yako: usimwambie kwamba «homoni huachwa kabla ya upasuaji». Prednisoloni anayomeza miaka yote hii nayo ni ya jamii ya homoni, na kuikatiza ghafla kunaweza kumuua, kwa kuwa mwili wake umeacha kujitengenezea ya kwake. Watu kama yeye mara nyingi huongezewa siku ya upasuaji.

Na kama ungepelekwa kwa dharura, kusingekuwa na muda wa kuacha chochote. Wangekuchoma sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kukuinua kitandani mapema. Kwa nyonga utapewa kinga ya namna hiyo hata ukiwa umeacha vidonge.

Beba pakiti yenyewe ya dawa uendapo kliniki, umwonyeshe pia daktari wa nusukaputi, na usitoke bila kuandikiwa tarehe ya kuanza tena. Nitafika siku mbili kabla. Futi ya kushonea nitakuja nayo, na mashavu ya miguu yako nitayapima kila siku, upende usipende.

Mama yako